Prado ya Mwalimu: kisa cha difu iliyonguruma kila gari likikata kona

Mwalimu aliingiza Prado yake uani kwangu Kariobangi Jumamosi asubuhi, akaizima, akabaki ndani kidogo kabla ya kushuka. Ni mstaafu aliyefundisha hisabati miaka mingi, na hana haraka ya kusema. Aliposhuka hakuniambia gari lina shida. Aliniambia, "Fundi, nieleze kwa nini gari linaloenda vizuri likinyooka linalia likipinda."

Malalamiko yenyewe yalikuwa hivi. Akipanda kutoka maegesho ya chini ya jengo moja mjini, ile njia nyembamba inayozunguka kama konokono, nyuma ya gari panatetemeka na kutoa mngurumo wa vipande vipande, grr-grr-grr, kama mtu anayeburuta kabati kwenye sakafu ya simiti. Akitoka barabarani, kimya. Kwenye raundabauti yenye foleni unarudi, lakini raundabauti ikiwa wazi na yeye akipita kwa mwendo wa haja hausikiki. Asubuhi gari likiwa baridi ni kidogo, jioni umezidi. Umeanza wiki tatu zilizopita.

"Na wiki tatu zilizopita gari lilifanyiwa nini?"

"Sevisi tu."

Neno "tu" nimelisikia mara nyingi uani hapa, na mara nyingi ndiyo huwa habari yote. Risiti alikuwa nayo, maana mwalimu hatupi karatasi. Oili ya injini, filta, na chini kabisa mstari ulioandikwa kwa kalamu: oili ya difu, 90. Kelele ilipoanza alirudi palepale. Wakambadilishia krosi za propela ya nyuma, yaani jointi za ile shafti inayopeleka mzunguko kwenye difu. Kelele ikabaki. Wakamwambia basi ni beringi za magurudumu ya nyuma, zote mbili, na wakamtajia bei. Hapo ndipo alipomwomba jirani yake namba yangu. Gereji hiyo sitaitaja, na kusema kweli kosa lao lingeweza kuwa langu. Mimi mwenyewe nimewahi kufungua krosi nzima nikiifuata kelele isiyokuwa yake.

Nilikaa kiti cha nyuma, Mwalimu akaendesha. Kelele usiitafute ukiwa umeshika usukani, mikono na miguu vinakudanganya. Krosi mbovu husema unapoondoka, au unapotoka gia ya mbele kwenda ya kurudi nyuma: tak moja kavu, halafu basi. Beringi ya gurudumu huimba, na wimbo hupanda kadiri spidi inavyopanda. Thika Road ukiwa umenyooka kabisa utaisikia. Zile jointi za CV za mbele hulia ta-ta-ta usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho, lakini sauti inatoka mbele. Hii ya Mwalimu ilitoka nyuma, katikati, chini ya makalio yangu. Ilikuja kwa mwendo wa mtu kutembea, usukani umekatwa, na ilikatika ghafla usukani uliponyooka.

Kwa hiyo swali likawa: nyuma ya gari kuna nini kinachofanya kazi kwenye kona na kupumzika kwenye mstari?

Difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuupokea mzunguko wa propela, kuugeuza uelekee kwenye matairi na kuupunguza kasi. Kazi hiyo haikomi gari likitembea. Ya pili ni kuliacha tairi la nje likimbie kuliko la ndani, na hiyo huamka gari linapopinda. Nilipomweleza Mwalimu haya aliokota kijiti, akachora duara mbili mavumbini, moja ndani ya nyingine. Akaniuliza umbali kati ya tairi la kushoto na la kulia. Nikamwambia mita moja na nusu hivi. Akapiga hesabu akiwa amechuchumaa: "Basi kwa kila mzunguko mmoja kamili, tairi la nje linasafiri pai mara mbili mara moja na nusu kuliko la ndani. Mita tisa nukta nne. Na haidhuru duara liwe dogo au kubwa, ni zilezile." Nimeshika spana karibu miaka ishirini na sikuwahi kujua kwamba ukubwa wa duara hauingii kwenye hesabu.

Mita hizo tisa lazima zipatikane mahali. Ndani ya difu ya kawaida, zile gia ndogo za katikati zinabiringika tu na mambo yanaisha. Lakini zipo difu za aina ya pili, zile zinazoandikwa LSD, kwa Kiingereza limited-slip differential, zenye sahani za klachi kila upande. Sahani hizo zimebanwa ili tairi moja likiingia kwenye matope lisizunguke peke yake huku lingine likikaa kama mgeni. Faida yake utaijua Murang'a wakati wa mvua. Gharama yake ni kwamba kwenye lami, kila ukikata kona, sahani zinalazimishwa kusuguana ili zile mita tisa zipite. Zikisuguana kwa ulaini, husikii kitu. Zikishika, zikaachia, zikashika tena, mara kadhaa kwa sekunde, utasikia kabati likiburutwa kwenye simiti.

Swali la pili likafuata: difu ya Mwalimu ni ya aina gani? Yeye hakujua. Gari lilitoka Japani likiwa limetumika, na yeye ni mmiliki wa tatu hapa Nairobi. Kitabu chake kipo bado kwenye droo ya dashibodi, kizuri kabisa, chote Kijapani. Magari mengine yenye LSD hubandikwa kibandiko cha onyo kwenye difu, karibu na nati ya kujazia oili. Chake, kama kiliwahi kuwapo, kiliondoka na matope zamani. Kile kibati cha chuma chenye namba za gari kina msimbo wa ekseli, na muuza spea anayejua kazi yake ataufungua kwenye katalogi. Nilipiga picha nikamtumia mmoja. Lakini sikungoja jibu, maana kuna kipimo cha dakika kumi.

Tuliziba matairi ya mbele kwa mawe, mbele na nyuma. Tukapandisha ekseli ya nyuma kwa jeki na kuilaza juu ya stendi mbili, matairi yote mawili hewani. Gia kubwa N, gia ndogo ya foowili N, breki ya mkono imeachiwa. Ndiyo maana mawe ya mbele si mapambo: gari likiwa hivyo hakuna kingine kinacholishika. Nikamwambia spana boi alizungushe tairi la kushoto kwa mikono, mimi nikasimama kulia. Kwenye difu ya kawaida tairi la pili litazunguka kinyume. Hili la kulia lilizunguka upande uleule, zito, likimfuata mwenzake kama punda wa pili kwenye mkokoteni. LSD. Na kwa kuwa lilizunguka hivyo, nilipata na habari nyingine njema: sahani bado zinabana. Zilizokwisha hujifanya difu ya kawaida, na kipimo hiki kitakudanganya. Jibu la muuza spea lilipokuja mchana lilisema hivyohivyo.

Tukaja kwenye oili iliyokuwa ndani. Kabla ya kulegeza nati ya chini, legeza ya juu kwanza, ile ya kujazia. Nimeona mtu akimwaga difu yote halafu nati ya juu ikakataa kata kata, na gari likalala gerejini kwa sababu halina pa kutiliwa oili. Hapa soketi ya 24 ilifanya kazi zote mbili bila ubishi. Oili ilishuka kwenye karai ikiwa na rangi ya asali ya msituni na harufu ile ya gia ambayo haikosewi, kati ya yai viza na kiberiti. Harufu hiyo isikutishe. Ni salfa, na imo humo kwa makusudi.

Hapa niingie ndani kidogo, maana bila hili huwezi kuchagua. Gia za difu nyingi za nyuma ni za aina ya hipoidi: ile gia ndogo ya pinioni haiingii kwenye krauni, ile gia kubwa ya duara, katikati kabisa, imeshushwa chini ya kitovu chake. Packard ya Marekani ndiyo iliyoanza kuuza magari yenye gia za namna hiyo katika miaka ya 1920, na mojawapo ya faida ni kwamba propela ikishuka, sakafu ya gari inashuka nayo. Tatizo ni kwamba meno ya hipoidi hayabiringiki tu juu ya mengine, yanateleza kwa urefu huku yamebebeshwa nguvu kubwa ya kulisukuma gari. Msuguano wa namna hiyo huisukuma oili ya kawaida ikatoka katikati ya meno, chuma kikabaki na chuma. Kwa hiyo oili ya hipoidi hutiwa misombo ya salfa na fosfori. Meno yakipata moto na mgandamizo, misombo hiyo huungana na uso wa chuma na kutengeneza utando mwembamba unaoliwa badala ya jino lenyewe. Oili yenye utando wa kutosha kwa kazi hiyo ndiyo inayoandikwa GL-5. GL-4 ina dawa hizo kwa kiasi kidogo, na difu ya hipoidi yenye kazi nzito si mahali pake.

Iliyotoka kwenye Prado ilikuwa safi. Haikuwa na rangi ya chai ya maziwa, kwa hiyo hakuna maji. Nilikuwa nimeuliza hilo mapema, kwa sababu Mwalimu aliniambia kwamba kwenye yale mafuriko ya masika ya 2024 aliwahi kupita maji yaliyofika nusu ya tairi. Ekseli iliyopata moto ikitumbukia kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta, na itavuta chochote kilicho karibu. Sumaku ya nati ya chini ilikuwa na uji wa kijivu. Nikaupaka kwenye tishu nyeupe, nikausugua kwa kidole gumba na cha shahada: laini kama dawa ya meno, hakuna punje, hakuna kipande kinachong'aa kama gamba la samaki. Uji huo ni uchakavu wa kawaida. Vipande ndivyo vya kuogopa.

Kwa maneno mengine, gereji ile haikumtilia uchafu. Ilimtilia oili nzuri ya difu, 90, yenye dawa za hipoidi. Krauni na pinioni ziliipenda. Zilizolalamika ni sahani za klachi, kwa sababu zinataka kitu cha ziada ambacho GL-5 ya kawaida hailazimiki kuwa nacho: dawa ya kulainisha msuguano. Kazi yake si kupunguza msuguano tu. Ni kuzifanya sahani zianze kuteleza polepole bila kushtuka, zisishike na kuachia. Herufi tatu, LSD, kwenye kopo la oili zinamaanisha dawa hiyo imo.

Mwalimu alisisitiza tuende naye kununua. Tukashuka mpaka Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, tukaingia duka moja lililojaa makopo mpaka darini. Nikamweleza muuzaji kelele kabla sijataja oili, kumpima tu. Hakusita. "Mzee, hiyo difu imechoka. Mtie 140, italala kimya."

Ushauri huu wa 140 nitaukuta mpaka siku nitakayoacha kazi. Una chembe ya ukweli ndani yake, na ndiyo maana haufi. Oili nzito inaweza kuufunika mlio wa meno yaliyokwisha, kama vile blanketi linavyofunika redio. Wauzaji wa magari wanalijua hilo. Lakini kelele ya Mwalimu haikuwa ya meno, na sahani hazijali uzito wa oili, zinajali dawa iliyomo. Halafu oili nzito bila sababu inakulipisha. Krauni inaivuta kama mwiko kwenye ugali, inapata moto, na matumizi ya mafuta ya gari yanaongezeka. Beringi ya mbele ya pinioni, iliyo mbali na dimbwi, hulishwa na oili inayorushwa na krauni, na oili nzito asubuhi inachukua muda wake kufika.

Mwalimu alikuwa ameshika kopo la 90 mkono mmoja na la 140 mkono mwingine, akiyapima kama mtu anayechagua maembe. "Hii tisini," akasema, "si tayari ni nzito mara mbili ya arobaini ninayotia kwenye injini?" Sivyo, na wengi wanateleza hapo. Namba za oili ya gia na za oili ya injini ni mizani mbili tofauti. Kwenye nyuzi 100 za joto, oili ya gia inayoitwa 90 inatakiwa iwe kati ya sentistoki (kipimo cha uzito wa mtiririko) 13.5 na 18.5. Oili ya injini ya 40 ni kati ya 12.5 na 16.3, na ya 50 inaanzia hapo mpaka 21.9. Yaani 90 ya difu inakaa palepale na 40 na 50 za injini. Ile 140 ndiyo iliyo nzito kweli: 24 mpaka 32.5.

"Kwa hiyo tisini ni jina la darasa," akasema Mwalimu, "si alama ya mtihani." Nikamkubalia. Nimeshaanza kulitumia kwa wateja wengine.

Kopo la pili lililopendekezwa lilikuwa sinthetiki, 75W-90, zuri na la bei. Kijana wa Mwalimu alikuwa amemwambia kwa simu asinunue kitu kingine. Hapa kuna la kusema kuhusu ile namba ya mbele yenye W. Inapima oili inavyokuwa kwenye baridi: 75W inatakiwa iweze kutiririka mpaka nyuzi 40 chini ya sifuri, 80W mpaka 26 chini ya sifuri, 85W mpaka 12 chini ya sifuri. Nairobi Julai, usiku wa baridi tunaoulalamikia sana, ni nyuzi kumi juu ya sifuri, pengine chini kidogo ya hapo kuelekea Limuru. Hata 85W haijaanza kuhisi. Kwa hiyo anayelipia 75W kwa sababu ya baridi ya Nairobi ananunua koti la theluji la kuvaa Eastleigh. Kuna sababu nyingine za kununua sinthetiki. Huvumilia joto kwa muda mrefu zaidi, na anayevuta trela kutoka Mombasa na kupanda nalo mpaka huku juu ana haki ya kuitaka. Na gari jipya ambalo kitabu chake kimeandika 75W, lifuate kitabu. Watengenezaji siku hizi huchagua oili nyepesi ili kuokoa mafuta na wamepima gia zao wakiwa nayo. Mwalimu huenda mjini, kanisani, na Murang'a mara moja kwa mwezi. Kilichonifanya nilirudishe kopo lile kwenye rafu si bei wala W. Nililizungusha pande zote sikuona LSD.

Tulichonunua ni 80W-90, ya madini, kopo zilizofungwa, GL-5, na neno LSD limechapwa upande wa mbele. Lita tatu. Haikuwa ya bei ya chini dukani wala ya juu.

Jambo moja la pembeni kuhusu hayo maandishi ya API GL-5. API ni taasisi ya petroli ya Marekani. Oili ya injini ina ile nembo ya duara ambayo kampuni huilipia na kupewa kibali cha kuitumia. Kwa oili za gia hakuna nembo hiyo. GL-5 kwenye kopo ni neno la aliyelitengeneza, kwa hiyo unanunua na uaminifu wake. Ndiyo maana oili ya kupima kutoka kwenye pipa siitii kwenye difu ya mteja, hata pipa likiwa na maandishi gani. Ndiyo maana pia naangalia alama ya KEBS (shirika la viwango la Kenya), mfuniko kama umewahi kufunguliwa, na duka kama litakuwapo mwezi ujao. Ukikutana na kopo linalojisifu kuwa ni GL-6, jua kwamba daraja hilo lilishaachwa na hata mashine za kulipimia hazipatikani tena.

Kulikuwa na njia rahisi zaidi, na Mwalimu aliiuliza: dawa yenyewe huuzwa peke yake kwenye kichupa, kwa nini tusingeongeza kwenye oili ileile ya wiki tatu? Ni swali zuri. Kama oili ile ningeimimina mimi kutoka kopo nililolifungua mwenyewe, ningefanya hivyo. Sikujua ilitoka pipa gani, na kumtafutia mtu ukweli kwa kuchanganya kitu kinachojulikana na kisichojulikana ni kujitafutia safari ya pili. Lakini ukishatia oili iliyoandikwa LSD, usiongeze kichupa juu yake kwa tamaa. Dawa ikizidi, sahani zinateleza mno, na siku ya matope utakuwa na difu ya kawaida uliyoilipia kama LSD.

Uani, kabla ya kujaza, niliangalia kile kitundu cha kupumulia juu ya ekseli. Kilikuwa kimeziba kwa udongo mkavu. Ekseli ikipata moto hewa inatanuka, ikikosa pa kutokea inasukuma oili kwenye sili, na oili ikipita kwenye sili za pembeni inaishia kwenye breki. Tulikisafisha kwa petroli na upepo wa kompresa. Gari likashushwa likae sawa kwenye simiti, kwa sababu ukijaza gari likiwa limeinama unajaza uongo. Spana boi akapampu mpaka oili ikaanza kutiririka kutoka kwenye tundu la juu, tukaiacha ijitulize, akaongeza kidogo ikatiririka tena. Ikawekwa washa mpya, nati ikafungwa. Kopo la tatu lilibaki na nusu lita hivi, na spana boi akaniuliza aitie kwenye giaboksi ya pikapu nzee iliyokuwa pembeni, kwani si oili ya gia? Nikamwambia aache. Giaboksi nyingi za zamani zina ringi za shaba ya manjano zinazosaidia gia kuingia. Salfa ya GL-5 inaweza kuzila taratibu, na utelezi wake unazinyima ule msuguano zinaouhitaji. Kitabu cha giaboksi kikisema GL-4, kinamaanisha GL-4. Nusu lita ile imeandikwa jina la Mwalimu, ipo kabatini.

Kuna hatua moja ambayo watu huiruka halafu wanasema oili haikufanya kazi. Oili mpya haiingii yenyewe katikati ya sahani zilizobanana. Inabidi uzisuguanishe. Jumapili asubuhi tulikwenda kwenye uwanja wa vumbi, Mwalimu akaendesha akichora namba nane, mwendo wa kutembea, usukani umekatwa karibu na mwisho, kushoto kisha kulia. Nane tatu za kwanza mngurumo ulikuwa uleule, na nilimwona ananitazama kwenye kioo. Ya nne ukapungua upande wa kushoto peke yake. Kufikia ya nane ukawa kama mtu anayekohoa chumba cha pili. Baada ya kumi na mbili niliweka kiganja kwenye sakafu ya nyuma ya gari na sikuhisi kitu. Lau ungebaki vilevile, ningejua ni sahani zenyewe, zimeungua au zimepinda, na tungeanza kuzungumza habari za kufungua difu na pesa za namna nyingine kabisa.

Alhamisi alinipigia simu. Hakusema habari yako. Alikuwa ameitoa simu dirishani, na nilichosikia ni matairi yakifanya chwi-chwi kwenye sakafu iliyopakwa rangi, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka akatokea juu kwenye kelele ya jiji.

Haijawa difu mpya. Kwenye kilomita 80 hivi kwa saa, ukiachia mafuta, kuna mvumo mwembamba unaokuja na kuondoka, na huo haujabadilika na oili yoyote. Nafikiri ni beringi ya pinioni. Sumaku haina vipande, kwa hiyo nimemwambia tutaifungua nati tena baada ya kilomita 5,000 tuangalie uji, na mpaka wakati huo asikubali kuuziwa 140 na mtu yeyote. Krosi zile za zamani alipewa alipobadilishiwa, na amezihifadhi zimefungwa kwenye gazeti. Aliniletea nizipime. Nilizizungusha kila upande. Hazichezi hata kidogo.